Leso Nyeupe Ng'ambo ya Bonde

Watu hudhani kujaribu spika ni kuweka wimbo, kutingisha kichwa na kusema "iko sawa." Bure kabisa. Mwimbaji hupumua. Ngoma nayo hupumzika kati ya pigo na pigo, na spika inapata nafasi ya kupoa. Halafu siku ya mkutano mhubiri anashika maiki asubuhi, haachii, na watu wakianza kuja mbele kutubu, koili inaungua puu! Sasa utawaambia nini watu waliopiga magoti?

Mimi nilikuwa na njia yangu. Nachukua redio, naweka mshale katikati ya stesheni mbili, pale penye shshsh tupu, naipitisha ile shshsh kwenye amplifaya ya betri ya gari, nafungua pawa mpaka sindano ya mita iguse mstari mwekundu. Hapo naiacha spika ilie tangu chai ya asubuhi mpaka ng'ombe warudi kutoka mtoni. Shshsh haipumui. Spika ikimaliza siku bila kutoa harufu ya vanishi ya koili kuungua, hiyo ni spika. Ikishindwa, afadhali ifie kwangu kuliko kufia mkutanoni.

Soko zima la Kikima lilinichukia kwa hilo, na mimi sikuwabembeleza. Jirani yangu Mulei, mwenye duka la sukari na mafuta ya taa, alikuwa anakuja kusimama mlangoni pangu, mikono kiunoni. "Muthama, leo tena? Haki unatuua!" Namjibu, "Hamia Machakos!" Anaenda zake akitikisa kichwa. Mchezo wetu ulikuwa huo miaka nenda miaka rudi, na sidhani tuliwahi kuzungumza jambo lingine la maana.

Sasa wacha nikwambie jambo ambalo Mulei hakulijua. Ile kelele iliyowaua wao, mimi sikuwa naisikia. Masikio yangu yalikuwa yamekwisha. La kushoto lilitangulia, kimyakimya kama mgeni asiyeaga. La kulia likabaki linashika kidogo, mtu akileta mdomo karibu. Kazi ya kuwasikiliza wengine ndiyo iliyonimaliza, na sikuwa na wa kumlaumu.

Kujificha kulikuwa rahisi kuliko unavyofikiri. Dukani kwangu kila mteja alipiga kelele kwa sababu spika ilikuwa inalia, basi nikawa nasoma midomo na kuitikia. Nisipoelewa nakasirika. Mtu mwenye hasira haulizwi mara mbili. Nikapata sifa ya ukali, watu wakapunguza kuja kupiga porojo, na baadaye wakaacha kabisa. Mke wangu Muthoki alikuwa amekufa zamani. Mwanangu Nzuki alikuwa Mombasa bandarini, anakuja Krismasi, anakula muthokoi siku mbili na kurudi. Siku nyingine zote nilikuwa mimi na vyuma vyangu. Upweke ule uliniuma, sitakuficha, lakini ningemwambia nani? Fundi wa spika asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja. Wangejua, ningekula nini?

Kazi yenyewe niliiweza. Moto wa koili niliupima kwa kiganja. Pawa niliiona kwa mita. Vanishi ikianza kuungua pua yangu iliikamata kabla ya mtu yeyote. Lakini maneno hayana harufu. Spika inaweza kuvumilia shshsh siku nzima, halafu ukishika maiki yanatoka maneno ya mtu anayeongea na ugali mdomoni. Hapo lazima pawe na sikio. Na mimi nilikuwa na sharti moja ambalo mpaka hapo sikuwahi kulivunja: spika haitoki kwangu mpaka pawe na shahidi kwamba maneno yake yanafika.

Shahidi wangu alikuwa ng'ambo ya bonde.

Anaitwa Kalondu, ila mimi nilimwita Mama Kavata, kwa jina la bintiye aliyeolewa Migwani. Mjane. Boma lake liko kwenye mgongo wa pili wa mlima, uso kwa uso na kibaraza changu. Nyumba imefichwa na migomba, lakini kamba yake ya kuanikia nguo iko nje ukingoni, na mimi niliiona vizuri nikisimama kando ya spika. Tulijuana kwa ugomvi. Siku moja alishuka bonde akapanda upande wangu na kiondo mgongoni, akaingia dukani amevimba kwa hasira. Mdomo unakwenda, mkono unapiga meza. Mimi nikaona ni heri kuanza na salamu.

"Salama, mama," nikasema. "Na huko kwenu?"

Mkono ukaacha kupiga meza. Akaniangalia muda mrefu, halafu akacheka. Nikadhani nimempendeza. Akasogea, akanisemesha karibu kabisa, polepole, "Nimesema kuku wangu wameacha kutaga kwa ajili ya kelele zako!"

"Kwani kule unasikia?"

"Nasikia mpaka ukikohoa!"

"Na maneno? Yanafika yakiwa mazima?"

"Mengine mazima, mengine kama ya mlevi."

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nikamwambia badala ya kunigombeza anisaidie. Siku nikiwa najaribu spika, mchana nitazima shshsh na kushika maiki. Akisikia maneno vizuri, aanike leso nyeupe kwenye kamba. Yakikatika, aanike nyekundu. Asiposikia kitu, asianike chochote.

"Na kuku wangu?" akauliza.

"Kuku watazoea."

"Wewe ni mtu wa ajabu," akasema, akaenda zake. Nikajua amekataa. Lakini siku iliyofuata niliposhika maiki na kusema "moja, mbili, Kikima, Mbooni," leso nyeupe ikapanda. Nilisimama pale kibarazani nikaiangalia mpaka macho yakatoa machozi, na sikujua ni ya jua au ya nini.

Basi ikawa hivyo, miaka. Mwanzoni nilisema moja, mbili tu. Baadaye nikaona ni ujinga kumhesabia mtu mzima kila siku, nikaanza kumwambia mambo. "Mama Kavata, mawingu yanakuja kutoka upande wa Tawa, anua mahindi." Nyeupe. "Mama Kavata, nimepika isyo, nimeiunguza tena." Nyeupe. "Mama Kavata, mimi ndiye fundi bora Ukambani nzima." Nyekundu! Pawa iko chini, sindano imetulia, maneno hayawezi kukatika hata kidogo, na mwanamke ananianikia nyekundu. Huo ulikuwa ubishi mtupu. Nilicheka peke yangu mpaka Mulei akachungulia kuona nina nini.

Siku za soko tulikutana mara chache, na hapo mimi ndiye niliyeharibu. Kwenye zogo la watu nisingeshika neno lake hata moja, basi nilimwinulia kofia na kupita haraka, nikijifanya nina kazi. Alikuwa ananisindikiza kwa macho. Mtu niliyemwambia kila kitu kwa maiki, nikimwona ana kwa ana namkimbia. Ndivyo nilivyokuwa, na nilichukia kuwa hivyo.

Sasa mwaka ule, katikati ya baridi ya mwezi wa saba, Pasta Jonah wa Migwani akaniletea amplifaya kubwa na spika za honi, zile zenye mdomo wa tarumbeta. Mwaka uliotangulia honi zake ziliungua siku ya kwanza ya mkutano, na hakutaka aibu hiyo tena. Akaniinamia sikioni, "Fundi, zitese hapa zisije zikanitesa kule." Maneno mazuri. Nikampenda.

Asubuhi ya kuzijaribu ukungu ulikuwa umelala bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Upande wa pili haukuonekana. Nikafunga honi kwenye nguzo ya kibaraza, nikazielekeza ng'ambo kama kawaida, nikafungua ile shshsh. Haikupita muda Mulei akasimama mlangoni. Mwanga ulikuwa nyuma yake, uso wake giza tupu, midomo siioni. Mikono haikuwa kiunoni siku hiyo, lakini sikulitilia maanani. Nikaona kidevu kinakwenda. Nikajua ni wimbo wetu ule ule.

"Hamia Machakos!" nikamwambia, nikacheka.

Akasimama kidogo. Akageuka akaenda, na safari hii hakutikisa kichwa.

Baadaye nikaona wanawake wakiteremka njia ya bondeni na kuni mgongoni, wengine na madebe ya maji. Wakanitazama vibaya sana. Mmoja akanisemea kitu, nikainua kofia. Mulei alikuwa amefunga nusu ya duka lake kwa ubao mmoja. Nikajiambia labda kuna harusi ya watu wa kanisa na hawakunialika. Shauri yao. Nikaongeza pawa kidogo kuwaonyesha.

Mchana ukungu ukainuka. Kamba ya Mama Kavata ikaonekana, tupu. Nikazima shshsh, nikashika maiki. "Moja, mbili, Kikima, Mbooni." Kimya. Yaani kamba tupu, maana kwangu hicho ndicho kilichokuwa kimya. "Mama Kavata, habari ya mchana. Hizi ni honi za Migwani kwa mkweo, zisikilize vizuri." Tupu.

Nikafungua pawa zaidi. Nikagusa shingo ya honi, ya moto. Nikanusa, hamna vanishi. Sindano inaruka nikiongea, lakini sindano huonyesha kinachotoka kwenye amplifaya, haikuambii kama honi inakitoa nje. Nikasema tena. Kamba tupu. Nikapitisha mstari mwekundu, jambo ambalo namfukuzia mtu dukani akilifanya. Tupu!

Nikajua basi, honi zimekufa. Kiwambo cha ndani kinachotoa sauti kimepasuka, ninaongea na chuma. Nitamwambia nini Pasta? Lakini si Pasta aliyenitisha, haki ya Mungu. Kilichonitisha ni ile kamba. Sijawahi kuiona tupu siku ya kazi. Na kwa kuwa niliamini hakuna anayenisikia, niliyasema yote. Maiki iko mkononi, mdomo karibu, mazoea tu.

"Mama Kavata, umekwenda wapi? Leo umeniacha na nani? Sikiliza, mimi sisikii. Masikio yangu yalikufa zamani. Sijui kama honi inalia au imekufa, sijui kama naongea au napumua tu. Hayo yote huniambia wewe. Sokoni nakukimbia kwa sababu sitaki ujue. Usinidhanie vibaya. Tangu Muthoki afe hakuna mtu anayenijibu hapa duniani ila wewe na kitambaa chako. Kama umekasirika, anika nyekundu. Nitafurahi nayo. Anika chochote, mama. Usiniachie kamba tupu."

Nikaweka maiki chini, nikajifuta uso kwa mkono wenye grisi.

Nilipoinua macho leso nyeupe ilikuwa inapanda.

Wee! Nilirukaruka pale kibarazani mtu mzima na mvi zangu. Nikanyakua maiki. "Asante, mama! Asante! Umenitisha, mwanamke wewe! Nilidhani umekufa!"

Nikahisi mbao za kibaraza zinatikisika nyuma yangu. Mulei. Nyuma yake watu, nusu ya soko, wamesimama barabarani. Wanawake wengine wameziba midomo. Mulei alikuwa amevua kofia. Nyuso zile zikaniambia kwamba honi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimelia vizuri kupita honi zote nilizowahi kujaribu, na mlima mzima ulikuwa umenisikia.

Aibu ilinishika. Nikataka kumfokea Mulei, ndiyo dawa yangu. Lakini yeye alinishika bega, akaleta mdomo kwenye sikio langu la kulia, kwa upole ambao sikujua anao.

"Muthama. Kalondu alifariki jana jioni. Kifua. Nilikuja kukwambia asubuhi, tukadhani umesikia ukapuuza. Mayowe yamelia kule usiku kucha."

"Na leso?" nikasema. "Nani ameanika leso?"

"Sijui," akasema Mulei.

Nikazima amplifaya. Nikaweka kiganja kwenye shingo ya honi mpaka ikapoa, kwa maana sikujua mahali pengine pa kuweka mkono. Kwetu msiba ukiingia, hata redio za majirani huzimwa. Mimi nilikuwa nimewamwagia waombolezaji shshsh asubuhi nzima. Nikashuka bonde hivyo hivyo na ovaroli yangu.

Bomani kwake watu walinipisha. Hakuna aliyenitukana. Nilikuta binti, Kavata, amesimama chini ya kamba, macho yamevimba, leso bado inapepea juu yake. Alikuwa ameitwa kutoka Migwani mama alipozidiwa. Alinigeukia akaongea uso kwa uso, polepole, kama mtu aliyefundishwa namna ya kuongea nami.

"Ni mimi niliyeanika, Baba Nzuki. Nilikusikia ukiomba."

"Pole, mwanangu. Nimewapigia kelele kwenye msiba. Sikujua."

"Najua hukujua. Mama alikuwa ananiambia, yule mtu hasikii."

Nikamwangalia. "Alijua?"

"Tangu siku ya kuku. Alisema alikutukana vizuri sana, na wewe ukamwambia salama." Akacheka huku analia. "Siku zako za kujaribu spika hakuwa anakwenda shamba. Alikaa hapa chini na kiondo chake anasuka mpaka umalize. Nikimwambia mama, palizi inakungoja, ananijibu, nikiondoka yule atajuaje?"

Miaka yote ile nimemficha mtu siri ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akinitunzia. Sokoni alipokuwa ananisindikiza kwa macho, alikuwa anangoja nisimame. Ningesimama tu, basi. Angeleta mdomo karibu.

Pasta Jonah alikubali honi zake zibaki mpaka maziko. Kavata ndiye aliyeomba. Alitaka ibada ifike Kikima, kwa ajili ya wazee ambao miguu haiwezi bonde. Asubuhi ya maziko nikazifunga mwenyewe kwenye mti karibu na kaburi, nikazigeuza zielekee kwangu. Nikapanga pawa, nikakaza kila skrubu. Kisha Kavata akaniuliza swali ambalo mama yake angeliuliza.

"Sasa nani ataangalia kama inafika?"

Nikaiomba ile leso. Akaitoa kwenye kamba, akaikunja, akanipa, na juu yake akaweka nyekundu. Nikashuka bonde wakati wengine wote wanapanda. Watu walisema Muthama amekimbia maziko, hata salamu za rambirambi hakuzisikiliza. Waache waseme.

Soko lilikuwa tupu. Duka la Mulei limefungwa, kila mtu yuko ng'ambo. Nilisimama kibarazani kwangu, nikafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo. Kule mlimani niliona watu wengi, kama madoa meusi kwa mbali, wamesongamana mbele ya migomba. Niliona mmoja amesimama mbele yao, nikajua ni Pasta, ameshika maiki. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa mabati. Mabati yalikuwa yanatetemeka, kidogo sana, yanaacha, yanatetemeka tena. Sauti ilikuwa inafika. Kama ni maneno mazima au ya mtu mwenye ugali mdomoni, mabati hayawezi kukwambia.

Nikasubiri. Nikageuza sikio la kulia, nikabana pumzi, nikajaribu kwa nguvu zangu zote kushika hata jina lake tu, watakapolitaja. Sikushika kitu.

Kule mlimani, mtu mmoja alikuwa amejitenga na wengine, amesimama ukingoni kwenye ile kamba tupu, anatazama upande wangu. Kavata. Alikuwa anangoja jibu. Mimi najua kungoja kule.

Kwa mapatano yangu na mama yake, asiyesikia kitu haaniki chochote. Nilichukua ile nyeupe nikaianika, nikaibana kwa vibanio viwili isije ikaanguka na upepo. Hiyo ndiyo spika ya pekee niliyowahi kuipitisha bila shahidi. Nikamwona Kavata anainua mkono, halafu anarudi kwa watu kumzika mama yake.